Kupaka Rangi Upya Plastiki za Ndani ya Pikapu Kuukuu

Pikapu za namba A bado ndizo zinazoshusha kabichi za Nyandira na ndizi za Kinole kutoka milima ya Uluguru hadi Morogoro mjini. Injini zimeshafumuliwa na kufungwa upya, springi zimeongezwa majani, bodi imepigwa puti na rangi mara kadhaa. Lakini fungua mlango: dashibodi imepauka, sehemu ya kuegemeza mkono imeota unga mweupe, kiboksi cha katikati kina rangi tatu tofauti, na kila kipande kinaonekana kimetoka gari lake. Wenye magari wengi huacha hivyo wakiamini plastiki haishiki rangi. Inashika, tena kwa miaka, mradi umeitayarisha. Kazi hii ikiharibika, mara nyingi imeharibika kabla kopo la rangi halijafunguliwa, kwenye kuosha na kusugua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya maji na sabuni.

Panga siku tatu ambazo gari halina safari. Siku moja haitoshi, hata kama fundi wa jirani atakuambia inatosha.

KWA NINI PLASTIKI HUPAUKA

Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu katikati ya Oktoba. Mionzi yake mikali hukata minyororo midogo inayoshikilia plastiki pamoja, ikianzia juu. Tabaka la juu likishakatika hugeuka unga. Pitisha kidole juu ya mlango wa dereva. Ule weupe unaobaki kidoleni ni plastiki iliyokufa.

Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyobanwa pamoja na utando katikati, na utando huo huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Vioo vya milangoni ni vya tabaka moja, hupitisha zaidi, na dereva wa mlimani huvishusha mchana kutwa. Ndiyo maana sehemu za juu za milango huchakaa vibaya hata pale dashibodi inapokuwa na nafuu. Dashibodi yenyewe huumizwa zaidi na joto la gari lililofungwa vioo juani.

Ukipuliza rangi juu ya unga ule, rangi itashika unga, na unga haujashika kitu. Wiki mbili baadaye inabanduka kwa ukucha.

Adui wa pili tunamleta wenyewe. Polishi nyingi za kung'arisha dashibodi zina mafuta ya silikoni. Wapo pia wanaopaka kiwi cheusi, dizeli au mafuta ya kupikia ili gari ling'ae siku ya kuliuza. Rangi ikikuta silikoni hukimbia na kuacha vishimo vya mviringo, na kuongeza rangi juu yake hakuvifuti. Dawa ni kuosha, na kuosha tena.

IJUE PLASTIKI YAKO KABLA YA KWENDA DUKANI

Fungua kipande, kigeuze, utafute herufi zilizochapwa kati ya alama mbili za mishale. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 na kuendelea yanazo.

>PP<  Polipropilini. Nyepesi, ina utelezi kidogo kama wa nta. Hutumika sana kwenye paneli za milango, nguzo za pembeni na viboksi. Rangi haiishiki bila praima maalumu ya plastiki, ile nyembamba inayopulizwa kwanza ili kuishikisha rangi. Mara nyingi haina rangi, au ina kijivu hafifu.

>ABS<  Ngumu zaidi, ukiigonga hulia kwa sauti kali. Hutumika kuzunguka saa za dashibodi na matundu ya hewa. Hupokea praima ya kawaida, lakini tina kali huiyeyusha.

>PVC<  Ngozi laini inayobonyea, hasa juu ya dashibodi na kwenye sehemu za kuegemeza mkono. Inataka rangi inayonyumbuka, ile inayouzwa kwa ajili ya ngozi bandia na viti. Rangi ya bodi itapasuka juu yake, kwa sababu ngozi hiyo hutanuka na kusinyaa kila siku na rangi ya bodi haitanuki.

*Kisanduku: hakuna herufi?*
Kwa wembe, chonga chembe ndogo kutoka upande wa nyuma usioonekana. Iweke kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni na uizamishe kwa kidole ili mapovu ya hewa yatoke. Ikielea, karibu hakika ni PP. Ikizama inaweza kuwa ABS, au PP iliyochanganywa na unga wa madini. Ukiwa na shaka, ichukulie kuwa PP na tumia praima ya plastiki. Haitaidhuru ABS ukiipuliza nyepesi. Usijaribu kwa kuichoma moto ili unuse moshi wake. Moshi wa PVC una asidi inayochoma mapafu.

AMUA NINI USIPAKE

Usukani, kichwa cha gia, kanyagio na swichi viache. Mikono yenye jasho na vumbi huvisugua kila dakika, na rangi itahamia kwenye viganja vya dereva. Mikanda ya usalama usiiguse kwa rangi wala kwa kimiminika chochote kikali. Kioo cha plastiki kilicho mbele ya saa za mwendo na mafuta kifunike kabisa. Tina au petroli hukigeuza ukungu usiofutika.

Kama gari lako lina mfuko wa hewa wa usalama, utaona herufi SRS kwenye usukani au upande wa abiria. Usikipake rangi kifuniko chake wala usikifungue. Rangi inaweza kuziba mshono unaotakiwa kupasuka siku ya ajali.

Sehemu inayostahili kufikiriwa kuliko zote ni juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele. Ipake rangi ya kiza isiyong'aa hata kidogo. Anayeshuka kutoka Nyandira kupitia Langali kwenda Mlali hukutana na kona moja baada ya nyingine, na jioni kona hizo humgeuzia jua usoni ghafla. Dashibodi inayong'aa hujichora kwenye kioo cha mbele, na kwa sekunde moja au mbili dereva anaona taswira ya dashibodi badala ya kuona bodaboda iliyo mbele. Kijivu cheupe au kahawia ya maziwa inaweza kupendeza kwenye milango. Juu ya dashibodi ni hatari, na ukimwona fundi anakushawishi aipigie klia ing'ae, kataa.

CHAGUA SIKU NA MAHALI

Hewa yenye unyevu mwingi huifanya rangi iingiwe na ukungu mweupe inapokauka. Kipindi kizuri kwetu ni Juni hadi Septemba. Masika ya Machi hadi Mei ahirisha kazi kama unaweza. Upande wa mashariki wa Uluguru, kuanzia Kinole hadi Matombo, mvua ni nyingi kuliko upande wa magharibi, wa Mgeta, na huweza kushuka hata wakati mjini ni kukavu; kama unaishi huko, ni bora vipande uvishushe mjini kwa ndugu, Kihonda au Mazimbu, kuliko kubahatisha kati ya mawingu mawili.

Mgeta nako kuna ukungu wa asubuhi na baridi. Subiri umande uondoke na ukuta wa nyumba ukauke. Mjini tatizo ni upepo wa mchana na vumbi, kwa hiyo saa tatu hadi saa tano asubuhi ndiyo nafasi yako. Mwagia maji ardhi ya mahali unapofanyia kazi, kisha pandisha vipande juu ya meza au boksi. Kivuli chenye hewa kinafaa. Jua kali linakausha rangi kabla haijatandaa na uso unabaki na chengachenga.

*Kisanduku: moto na mvuke*
Usioshe plastiki kwa petroli. Hutumika sana gereji kwa sababu ni rahisi kuipata, lakini mvuke wake hutambaa chini na kufuata moto ulipo. Mji huu unajua hilo kwa uchungu: tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lililopinduka karibu na Msamvu liliwaka, na watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Tina na rangi ya kopo nazo zina mvuke unaowaka. Weka mbali jiko la mkaa, sigara na jenereta, na usipulize ndani ya chumba kilichofungwa wala ndani ya gari.
Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi tu, haizuii mvuke. Tumia ile yenye vichujio vya mkaa pembeni. Kama fundi atatumia rangi ya gari inayochanganywa na hadina, ile dawa ya kuigumisha, jua kwamba ina kemikali za isosianeti, ambazo huweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu. Kazi hiyo mwachie mwenye vifaa kamili, na watoto wasiwepo.

VITU VYA KUANDAA

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ndoo mbili, mswaki wa zamani na brashi laini, dodoki la kijani la vyombo, msasa wa maji namba 400 na 600, spiriti ya duka la dawa, vitambaa vyeupe visivyoacha nyuzi, tepu ya karatasi na magazeti, glavu, miwani, praima ya plastiki, rangi isiyong'aa. Kwa dashibodi ya chini, milango miwili na kiboksi cha katikati, makopo mawili hadi matatu ya mililita 400 hutosha pikapu ya kebini moja.

Ukitaka rangi ifanane na ya kiwandani, nenda dukani na kipande chenyewe. Uone rangi ya kweli nyuma yake, au chini ya kifuniko cha skrubu ambako jua halikufika. Ukipeleka picha ya simu utapata rangi ya simu.

SIKU YA KWANZA: KUFUNGUA NA KUOSHA

1. Chomoa waya wa hasi wa betri. Piga picha kila upande kabla ya kulegeza skrubu ya kwanza, na kila kundi la skrubu uliweke kwenye kikombe chake.

2. Kama uko mlimani na asubuhi ni baridi, acha gari juani saa nzima kwanza. Plastiki ya miaka 25 ikiwa baridi huvunjika masikio. Ikiwa na joto hupinda kidogo na kukuachia klipu.

3. Mkono wa kuzungushia kioo huwapa watu wengi shida. Kwenye Toyota nyingi za zamani hauna skrubu kwa mbele. Umeshikwa na klipu ya waya iliyojificha nyuma. Chukua ukanda wa kitambaa, upitishe kati ya mkono na paneli, ushike ncha zote mbili na uuvute huku na huku kama unayeng'arisha kiatu. Kitambaa kitaikamata klipu na kuitoa. Weka kiganja juu, kwa sababu huruka, na ikiangukia majani hutaiona tena. Kurudisha ni rahisi: ibandike klipu kwenye mkono kwanza, halafu sukuma mkono kwenye jino lake mpaka usikie klipu ikilia.

4. Paneli ya mlango ikishakosa skrubu zote, pitisha bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa pembeni na uibandue klipu moja baada ya nyingine, ukikaribia klipu yenyewe kadiri uwezavyo. Ukivuta paneli kutoka kona moja utabaki na kona hiyo mkononi.

5. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kabla ya kugusa msasa. Mpangilio huu una sababu: ukisugua kwanza, msasa unaisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo na hutaitoa tena. Tumia mswaki kwenye vinyweleo vya plastiki, suuza, mwaga maji, anza upya na maji mapya. Vipande vilivyokaa kwenye gari la mazao vina vumbi jekundu lililoganda na jasho. Usishangae maji ya mara ya tatu kuwa bado ni machafu.

6. Acha vikauke kivulini, kisha futa kwa spiriti. Kitambaa kimoja kipake, kingine kikavu kifuate mara moja nyuma yake kabla spiriti haijakauka. Kukausha kwa kitambaa cha pili ndiko kunakoondoa mafuta. Spiriti ikijikaukia huyaacha palepale.

SIKU YA PILI: KUSUGUA, PRAIMA, RANGI

7. Paneli zenye vinyweleo zisugue kwa dodoki la kijani na maji ya sabuni, kwa kuzungusha, mpaka weupe wote uishe na uso uwe na mng'ao mmoja hafifu kote. Sehemu ngumu zisizo na vinyweleo zipige msasa wa maji namba 400, kisha 600. Pembe na mashimo ya mikono ndiyo husahaulika, na ndiko rangi huanza kutoka.

8. Suuza, kisha fanya jaribio la maji. Yanyunyize na uangalie. Maji yakitanda, uso ni safi. Yakijikusanya matone sehemu moja na kutanda nyingine, ile ya matone bado ina mafuta. PP hata ikiwa safi haipendi maji sana, kwa hiyo linganisha na upande wake wa nyuma uliokwisha oshwa, ambao haukuwahi kupakwa polishi.

9. Kausha kabisa. Funika kwa tepu usichotaka kipakwe. Futa spiriti mara ya mwisho na kuanzia hapo usiguse kwa mkono mtupu.

10. Tikisa kopo la praima dakika mbili baada ya kusikia gololi inacheza. Puliza nyuma ya kipande kimoja kwanza, kwa majaribio. Kisha mbele: umbali wa sentimita 20 hadi 30, anza kupuliza nje ya kipande, pita juu yake kwa mwendo mmoja, malizia nje ya kipande. Tabaka mbili nyembamba sana. Praima ya plastiki huwa na muda wake wa kupokea rangi, mara nyingi dakika chache tu. Soma kopo na uheshimu lilivyoandikwa.

11. Rangi, pamoja na pale nyuma ulipojaribia praima. Tabaka la kwanza liwe la madoamadoa, plastiki ionekane chini yake. Hapa watu hukosa subira na kuijaza. Subiri dakika 10 hadi 15. La pili lifunike nusu, la tatu limalize. Rangi nyingi kwa mara moja huziba vinyweleo, na paneli iliyoziba vinyweleo huonekana imepakwa hata kwa mtu anayepita barabarani.

12. Mbu au unyasi ukiangukia rangi mbichi, acha. Subiri ikauke, sugua kwa namba 600, puliza kidogo.

*Jaribio la tepu.* Kesho yake, upande wa nyuma ulikojaribia, chora kwa wembe mistari michache ya kukatana, bandika tepu, bonyeza, vuta kwa nguvu. Vijisanduku vikibaki, unaweza kufunga vipande kwenye gari. Vikitoka na tepu, tatizo ni kuosha au praima, na kuongeza tabaka la rangi hakutalitatua. Rudi hatua ya 5 kwa kipande hicho.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Kutumia tina kufutia plastiki. Uso unalainika, unanata, na vumbi linazama humo.

Kupaka kwa brashi ya nyumba rangi ya mafuta ya milango. Hukauka polepole mno juu ya plastiki na hubaki ikinata joto likipanda.

Kuziba nyufa za dashibodi kwa puti ya bodi. Puti ni ngumu, dashibodi inacheza. Ufa utarudi pembeni mwa puti. Dashibodi iliyopasuka vibaya ivalishe ngozi kwa fundi wa viti, au tafuta nyingine kwenye gari lililochinjwa.

Kufunga vipande rangi ikiwa mbichi. Kukauka ukiigusa hakumaanishi imekomaa.

SIKU YA TATU NA BAADA YAKE

Kagua kabla ya kufunga:

☐ Jaribio la tepu limepita
☐ Klipu zote zipo, zilizovunjika zimenunuliwa
☐ Mapezi ya matundu ya hewa yanageuka bila kukwaruza
☐ Hakuna tepu iliyobaki nyuma ya paneli
☐ Soketi za swichi na taa zimechomekwa
☐ Vioo vinapanda na kushuka kabla paneli haijabanwa
☐ Waya wa betri umerudishwa mwisho kabisa

Shusha vioo na uendeshe gari likiwa wazi siku za mwanzo, hasa kama mtoto au mama mjamzito hukaa mbele. Harufu ya rangi si ya kuzoea. Kwa siku saba usifute kwa maji, usiegemeze kiwiko kwa saa nyingi mlangoni, wala usiweke pochi ya plastiki juu ya dashibodi juani, maana itaganda hapo.

Baada ya hapo, kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kinatosha. Polishi yenye silikoni isirudi ndani ya gari hili, kwa sababu siku utakapohitaji kugusia mkwaruzo utaanza tena na vile vishimo. Unapoegesha sokoni kwa Chifu Kingalu kusubiri kupakua, weka kadibodi nyuma ya kioo cha mbele. Ni bure, na inapunguza joto na jua kwa pamoja.

Rangi iliyobaki usiitupe. Geuza kopo kichwa chini, bonyeza mpaka itoke hewa tupu ili tundu lisizibe, futa mdomo wake, na ulihifadhi ndani ya nyumba mahali pa baridi, mbali na jiko. Mkwaruzo wa kwanza utatokea mlango wa abiria, pale wanapopitishia magunia.